Jinsi ya Kuandika Saa na Tarehe Uganda, Mgeni Asifike Kabla ya Pilau

Kazi yangu ni kuchapa. Nina meza, kompyuta moja na printa iliyochoka, chini ya ngazi za jengo moja Barabara ya Nasser, Kampala, kule kwa wachapaji. Miaka kadhaa nyuma alikuja Hajati mmoja kutoka Bombo kuchapisha kadi za harusi ya kijana wake. Akaniambia, "Andika saa nane, mwanangu." Nikaandika "Saa 8:00". Mimi na yeye tulielewana vizuri kabisa: watu waswali adhuhuri, nikaha ifungwe, kisha wale.

Siku ya siku, wafanyakazi wenzake bwana harusi wakatokea saa mbili asubuhi, suti zimenyooshwa, zawadi mkononi. Hema bado limelala chini, sufuria za pilau ndiyo kwanza zinasuguliwa. Jumatatu yake Hajati akanisimamia mezani: "Mwanangu, umeniletea wageni kabla ya nyama." Sikuwa na la kusema ila kuomba radhi.

Tangu hapo nimejitungia utaratibu wa kuandika saa na tarehe, na ndio huu. Umetoka kwenye kadi, matangazo ya misiba, tiketi, barua na vikaratasi vya dawa vilivyopita mikononi mwangu. Msingi wake ni mmoja: namba usiiache peke yake. Ipe shahidi wa kuisemea.

Kwanza elewa kwa nini Uganda ni tofauti

Mswahili wa Dar es Salaam akisoma gazetini "saa 2:00 asubuhi" hajiulizi mara mbili. Magazeti ya huko yameandika hivyo miaka yote, jicho limezoea. Hapa kwetu ni vingine. Kwa mdomo hatuna ugomvi na mtu: Mganda, yaani msemaji wa Kiganda, akisema "ssaawa bbiri ez'oku makya" anamaanisha ileile saa mbili yetu ya asubuhi. Wanyankole nao huhesabu hivyohivyo. Lakini kalamu ya Uganda imesomea Kiingereza. Shuleni, ofisini, hospitalini, kwenye tiketi, wakati huandikwa kwa hesabu ya Kizungu.

Simama dirisha la kukatia tiketi za basi utaliona jambo hili kwa macho. Karani anamwambia abiria "ssaawa bbiri", na palepale mkono wake unaandika 8:00. Hashtuki yeye, hashtuki abiria. Sikio linahesabu tangu jua lichomoze, jicho linahesabu tangu saa sita usiku. Kwa hiyo ukimwandikia msomaji wa Uganda "saa 2:00", sikio lake lingekuelewa, ila wewe umepeleka habari kwenye jicho.

Hatua ya 1: Saa ya Kiswahili kwa maneno, saa ya simu kwa tarakimu

Hii ndiyo kanuni iliyoniokoa, na ukiishika hii tu umemaliza nusu ya kazi. Ukiandika kwa hesabu ya Kiswahili, andika kwa maneno: saa nane mchana. Ukitaka tarakimu, andika kama simu inavyoonyesha katika mfumo wa saa 24, tarakimu nne zenye nukta mbili katikati: 14:00. Kwenye kadi mimi huweka zote mbili, ya pili kwenye mabano: saa nane mchana (14:00). Anayesoma kwa sikio ana lake, anayesoma kwa jicho ana lake.

Usichanganye. "Saa 8:00" ni mtego. "Saa 8:00 asubuhi" ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu Mswahili atajua umekosea lakini hatajua umekosea wapi: ni asubuhi kweli, au ni nane kweli? Wapo wanaotumia nukta moja, 8.30, na hiyo nayo ina matatizo yake. Nimewahi kuona "saa 2.5" katika ratiba ya semina, na hadi leo sijui kama ilikuwa saa mbili na nusu au saa mbili na dakika tano.

Kubadilisha hesabu ni rahisi. Ukiwa na saa ya ukutani yenye mishale, tazama mshale mfupi kisha soma namba inayoukabili upande wa pili: mshale uko kwenye 8, ng'ambo yake ni 2, basi ni saa mbili. Kwa anayeandika kwenye kompyuta:

Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa tisa alasiri inakuwa 15:00.

Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa tatu usiku inakuwa 21:00.

Saa sita usiku ni 00:00.

Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa 6. Saa kumi alfajiri inakuwa 04:00.

Kasorobo ndiyo huangusha wengi. Mteja anasema "saa tatu kasorobo", wewe umeshika tatu, umeongeza sita, umepata tisa, umeandika 09:45. Umekosea kwa saa nzima. Badilisha kwanza saa kamili, tatu iwe 09:00, ndipo urudi nyuma dakika kumi na tano: 08:45. Mimi kasorobo siiandiki kwenye kadi hata siku moja. Naandika "saa mbili na dakika arobaini na tano", au namshauri mwenye shughuli aseme saa tatu kamili. Watu wenyewe wanafika saa nne.

Hatua ya 2: Taja kipande cha siku

Saa sita ziko mbili, saa nne ziko mbili. Kwa hiyo kila saa iandamane na neno lake: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Mipaka ya maneno haya haikupigwa msumari. Yupo anayesema "saa kumi alasiri", yupo anayesema "saa kumi jioni", wote wako sawa. Chagua lile ambalo wasomaji wako hulisema.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza Waswahili wa pwani wakija Uganda. Sote tunatumia saa za Afrika Mashariki, zilizopangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ila Kampala iko karibu na nyuzi 32 na nusu. Jua linatufikia limechelewa karibu dakika hamsini. Jua la utosi, ambalo kwa jina lingekuwa saa sita mchana, Kampala hulipata karibu na saa saba. Na jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, mwaka mzima. Mombasa saa kumi na mbili na nusu kumekucha. Kasese, magharibi ya Uganda, saa hiyohiyo bado unamulika njia kwa simu.

Kwa hiyo ukiandika "tukutane asubuhi na mapema, jua likichomoza", mtu wa Kasese na mtu wa Mombasa hawatafika pamoja. Andika saa. Na safari ya saa kumi na moja iite alfajiri, usiiite asubuhi, ili abiria ajue mapema kwamba atahitaji bodaboda gizani.

Hatua ya 3: Chunga usiku

Usiku una mitego miwili.

Wa kwanza ni saa sita. Tangazo linasema, "Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 30, saa sita usiku." Je, ni usiku unaoingia tarehe 30, au unaotoka? Kwa simu, 00:00 ya tarehe 30 ni mwanzo wa siku hiyo. Kwa binadamu wengi ni mwisho wake. Tofauti ni siku nzima, na kwa mwanafunzi anayeomba nafasi inaweza kuwa mwaka mzima. Dawa yake ni kutoitumia saa sita usiku kwenye makataa. Andika 23:59, au bora zaidi, "saa kumi na moja jioni, tarehe 30".

Wa pili ni usiku wenyewe ni wa siku gani. Kwa Waislamu siku huanza jua likizama, kwa hiyo mzee wa msikitini akikwambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kijana wa mjini akisikia "usiku wa Ijumaa" anafikiria mpira na nyama choma baada ya kazi Ijumaa. Kiswahili kina ufumbuzi mzuri hapa, wanahabari wanautumia kila siku: usiku wa kuamkia Ijumaa. Maneno hayo hayana njia mbili. Kwenye matangazo ya khitma, mkesha wa kanisani na ngoma, mimi huandika hivyo: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", nimemaliza.

Hatua ya 4: Mwezi uandike kwa herufi

Uganda tulirithi mpangilio wa Uingereza: siku, mwezi, mwaka. Marekani hutanguliza mwezi. China, Japani na Hungaria hutanguliza mwaka. Hilo lisingetusumbua kama fomu zote tungezichapa sisi, lakini siku hizi mtu anajaza maombi ya viza, ya chuo na ya kazi ya shirika kwenye intaneti, na fomu imetengenezwa kwingine.

Chukua sikukuu zetu. Uhuru tuliupata 9/10/1962. Mmarekani akiisoma hiyo, tumepata uhuru tarehe 10 Septemba. Siku ya Mashahidi wa Uganda, 3/6, wakati mahujaji wanafurika Namugongo, kwake ni tarehe 6 Machi. Siku ya Mashujaa, 9/6, inageuka tarehe 6 Septemba. Lakini 26/1, siku ya NRM, kundi la Yoweri Museveni, kuchukua madaraka mwaka 1986, haimsumbui, kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na sita. Ndiyo maana kosa hili hujificha: tarehe kuanzia 13 kwenda juu zinajitetea zenyewe, za 1 hadi 12 ndizo zinaangusha watu.

Andika hivi: 9 Oktoba 1962. Au "tarehe 9 Oktoba 1962". Siku ya kwanza unaweza kuiita tarehe mosi, ni Kiswahili safi na bado kinasemwa. Mwaka uwe na tarakimu nne. Ukiandika 05/06/07 umempa msomaji kitendawili.

Kwenye fomu ya intaneti, kabla hujajaza, tafuta herufi zinazoonyesha mpangilio ndani ya kisanduku, au chagua tarehe kwenye kalenda ndogo inayojitokeza, kisha usome upya ilichoandika. Nimeona kijana akikataliwa fomu kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa haikulingana na ya pasipoti. Alizaliwa tarehe 4 mwezi wa saba, fomu ikamzaa Aprili.

Majina ya faili kwenye kompyuta ni kesi ya pekee. Hapo pindua: mwaka, mwezi, siku, kwa vistari, 2026-06-03. Ndio mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na uzuri wake ni kwamba kompyuta ikipanga faili kwa jina, zinajipanga kwa tarehe pia. Ukianza na siku, risiti za Juni na za Desemba zitalala kitanda kimoja.

Hatua ya 5: Weka siku ya juma, na uhakikishe ni yenyewe

Siku ya juma ni shahidi bora kuliko wote. "Jumatano, 3 Juni 2026": mtu akikosea tarehe, Jumatano itamshtua. Lakini shahidi muongo ni balaa, kwa hiyo fungua kalenda kila mara. Wateja hunipa siku na tarehe zisizolingana kila wiki, na mara nyingi wanakuwa wamesoma kalenda ya mwaka jana.

Sasa sikiliza mtego ambao ni wa Uganda hasa. Sisi Waswahili tunahesabu juma kuanzia Jumamosi, siku ya mosi, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu na Jumatano ni ya tano. Waganda wanahesabu kuanzia Jumatatu, ambayo wanaiita Bbalaza, jina lililotokana na baraza letu. Inafuata Lwakubiri, ya pili, ambayo ni Jumanne. Lwakusatu, ya tatu, ni Jumatano. Lwakuna ni Alhamisi. Lwakutaano, ya tano, ni Ijumaa. Lwamukaaga, ya sita, ni Jumamosi.

Linganisha tano. Jumatano yetu ina tano ndani yake. Alhamisi ina tano pia, ya Kiarabu. Lwakutaano nayo ni tano, na ni Ijumaa. Siku tatu mfululizo, zote zinaitwa ya tano! Mganda aliyejifunza Kiswahili juujuu akisikia "Jumatano" atavutwa na Lwakutaano, na akisikia "Jumatatu" atavutwa na Lwakusatu. Fundi mmoja wa mabomba aliniahidi Jumatatu, akaja Jumatano, na alikuwa na hakika hajachelewa hata dakika moja. Ukiwa na msomaji wa aina hiyo, andika siku pamoja na tarehe. Kwenye simu usiseme "Jumatatu" tu, sema "Jumatatu, tarehe nane".

Miezi haina shida kubwa. Tunasema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na kila mtu anaelewa. Kalenda za Kiganda zina majina yake ya asili, kama Museenene, Novemba, mwezi wa senene, na ukiyatumia kwenye kadi ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wazee watafurahi. Weka tu Novemba pembeni. Angalia tu usichanganye mwezi wa sita na Mfungo Sita. Mwezi wa sita ni Juni. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, unahesabiwa toka Ramadhani iishe, na kila mwaka unasogea.

Kwenye hesabu za serikali, mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kwa hiyo "robo ya kwanza" kwenye barua ya wilaya ni Julai hadi Septemba. Taja miezi.

Hatua ya 6: Ukivuka mpaka, taja saa za wapi

Kenya na Tanzania saa zao ni sawa na zetu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, na Sudan Kusini ilijiunga nao tarehe 1 Februari 2021. Basi likifika Kigali saa kumi na moja alfajiri, mkeo Kampala saa yake inasoma kumi na mbili. Andika "kwa saa za Kigali" au "kwa saa za Kampala". Kwa kikao cha mtandaoni na watu wa London, kumbuka wao hubadili saa, sisi hatubadili: majira yao ya baridi tunawatangulia saa tatu, majira ya joto saa mbili.

Hatua ya 7: Tenganisha saa ya kufika na saa za kukaa

Neno letu "saa" linabeba mizigo miwili: saa nane ya ukutani, na saa nane za kusubiri. Watu wengi huitua kwa kusema "masaa", na walimu wa sarufi huwagombeza. Sitaingilia ugomvi huo. Andika "kwa muda wa saa mbili", na sarufi na maana vyote vitasalimika.

Kwenye dawa ndipo hili linapouma. Mama mmoja aliniletea bahasha ya dawa ya mtoto imeandikwa "kila saa 8", akaniomba nimchapie kwa herufi kubwa abandike jikoni. Nikamuuliza anampaje. "Saa nane mchana na saa nane usiku, kaka." Mara mbili, badala ya tatu. Hakuwa mjinga, karatasi ndiyo iliyosema hivyo. Tukarudi pamoja kwa muuguzi, akathibitisha, nikachapa:

Asubuhi: saa moja (07:00)
Alasiri: saa tisa (15:00)
Usiku: saa tano (23:00)

Na alamu za simu tukaziweka palepale mezani kwangu, kwa mfumo wa saa 24. Simu haijui saa ya Kiswahili. Ukiiambia 3:00, itakuamsha usiku wa manane.

Hatua ya 8: Soma kwa sauti, kisha mpe mwingine asome

Ukimaliza kuandika, jisomee kwa sauti. Kisha mpe mtu ambaye hakukusikia ukizungumza na mteja, umuulize: "Utatoka nyumbani saa ngapi, siku gani?" Mimi humpa kijana wa chai anayepita na birika. Akisita kidogo tu, narudi kwenye kompyuta.

Hajati alirudi kwangu, maana alikuwa na binti bado. Safari hii nilimsomea kabla ya kuchapa, akakaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, akanirudisha mara mbili. Isipokuwa majina, kadi ilitoka hivi:

Nikaha: Jumamosi. Tarehe, mwezi kwa herufi, mwaka tarakimu nne.
Saa nane mchana (14:00), baada ya sala ya adhuhuri.
Chakula: saa tisa alasiri (15:00).

Akaisoma, akaniuliza, "Na hao wa ofisini?" Nikamwonyesha 14:00. Akaniambia niikoze wino.